Sura ya 5: Kukataa bila kusema hapana

Kijana wa Bunia, mashariki mwa Kongo, anayetafuta dola 100 za kuanzisha biashara ya mafuta ya mawese haendi kwa baba yake mdogo akaziomba hivi hivi. Anakwenda jioni, anauliza hali ya watoto, mvua, barabara ya Mahagi. Chai ikiisha anasema, "Papa, nilikuya tu kukuona." Akiwa ameshasimama, ndipo anagusia kwamba mawese yamepanda bei na mwenye mtaji angepata faida. Mzee anaitikia kwa kichwa: "Ile mambo, tutaona. Mungu iko."

Aliyezoea lugha hii ameshapata jibu. Ndiyo ya kweli huja na siku na kiasi: "Pita Jumamosi, nitakuwa na 50." Hapana huja na kesho, na Mungu, na tutaona. Wala hakuna aliyedanganya. Ombi halikutamkwa, kwa hiyo halikukataliwa, na wawili hao wataketi pamoja kwenye matanga yajayo bila kinyongo.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson walijaribu kueleza kanuni za mazungumzo ya namna hii katika utafiti wao wa mwaka 1978, uliotoka kama kitabu mwaka 1987. Walilinganisha Kitamil cha kusini mwa India, Kitzeltal cha Mexico na Kiingereza. Kwa maoni yao, kila mtu hulinda heshima yake mbele ya wenzake, na kuomba au kukataa huitia heshima hiyo hatarini. Msemaji hupima mambo matatu: wamezoeana kiasi gani, nani ana mamlaka juu ya mwenzake, na jambo lenyewe ni zito kiasi gani. Mizani ikilemea, maneno huzunguka.

Bunia mizani hiyo hulemea upesi. Mtu akiugua au akifiwa, bima yake ni ndugu na majirani. Machafuko yaliyozuka katika eneo jirani la Djugu mwezi Desemba 2017 yaliwaleta mjini watu wengi. Baadhi waliishia kambini, wengine wakapokewa majumbani. Uliyemnyima leo kwa neno kali huenda kesho ukabisha hodi kwake.

Lakini adabu hii ina gharama, na hailipwi sawasawa. Mzee anajua alichokusudia. Kijana ndiye anayelala akikisia. Akikosea kufasiri, akarudi mara ya tatu, ataambiwa hana adabu. Mkubwa anaruhusiwa kuwa na utata, mdogo anatakiwa kuuelewa. Hapo ndipo uchungu wa vijana unapotoka, na wana haki nao.

Mambo hugeuka pale mkubwa anapokuwa mgeni: sasa mdogo ndiye anayezungusha maneno. Mfanyakazi wa shirika la misaada anauliza mbele ya chifu na umati, "Je, mgao ulikwenda vizuri?" Mama aliyekosa turubai anajibu, "Tunashukuru." Mgeni anaandika kwamba watu wameridhika. Kwa vipimo vile vitatu, jibu jingine lilikuwa gumu: hawajuani, mwenye kuuliza ndiye mwenye mali, na kulalamika hadharani ni kumwaibisha chifu. Hata hivyo gharama imemwangukia tena mnyonge, maana anaondoka bila turubai.

Kumwamuru mama huyo aseme wazi hakusaidii. Ni kumtaka abebe hatari peke yake. Anayeweza kupunguza uzito ni mwenye nguvu. Mgeni aulize faraghani, aulize "majirani wanasemaje?", au amtume mtu wanayemwamini. Naye mzee anaweza kusema, "Mwezi huu sina, usinitegemee." Heshima yake haitapungua kwa hilo, kwa kuwa aliye juu ana akiba kubwa ya heshima kuliko anayemwomba. Uwazi ukianzia chini huitwa utovu wa adabu. Kwa hiyo yafaa uanzie juu.