Msemaji wa kwanza na dakika zake tano

Aliyewahi kuhudhuria mdahalo wa shule anaujua mwanzo wake. Msemaji wa kwanza anasimama, anakohoa kidogo, kisha: mheshimiwa mwenyekiti, katibu makini, mtunza muda mwaminifu, majaji wenye hekima... Kengele ya kwanza inalia, naye ndiyo kwanza anataja mada. Hakuna jaji wa shindano la uraia anayetoa alama kwa salamu.

Hoja ya ufunguzi hutafutwa, na sidhani kama kuna mahali pazuri pa kuitafutia kuliko Utende. Kijiji hiki kinachotazama Ghuba ya Chole ndicho chenye makao makuu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye kilomita za mraba 822. Sheria, ofisi inayoisimamia na wavuvi inaowagusa, vyote mwanafunzi anavifikia kwa miguu.

Tuseme mada ni kwamba Hifadhi imewanufaisha wakazi kuliko ilivyowabana. Wengi watakimbilia mtandaoni kutafuta maana ya uhifadhi, ndiyo maana hotuba zao hufanana. Afadhali waanze na Sheria Namba 29 ya mwaka 1994, inayohusu hifadhi za bahari. Humo imeelekezwa kwamba vijiji vinavyoitegemea hifadhi vishirikishwe katika hatua zote za mipango na usimamizi, vigawiwe faida, tena vipewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali. Maneno hayo hayana upande. Anayeunga mkono atayasoma kama kusudio jema la Bunge. Anayepinga atayafanya rula ya kupimia kilichotekelezwa.

Kisha mwanafunzi aifungue Katiba ya 1977. Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi. Ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Mvuvi aliyekatazwa kutega katika eneo lililofungwa amesimama katikati ya ibara hizo. Msemaji akimtaja huyo katika sentensi yake ya kwanza, ukumbi utanyamaza wenyewe.

Ila amtaje mtu aliyemsikiliza kweli. Aende pwani madau yanaporudi. Shikamoo kwanza, daftari baadaye. Babu anayekumbuka milipuko ya baruti kwenye matumbawe atasema lake, na kijana aliyezuiwa kuvuta juya atasema lake. Wanawake wanaonunua na kukaanga samaki waulizwe pia, maana midahalo yetu huwasahau kana kwamba bahari ni ya wanaume. Ofisini aulize ada wanazolipa watalii zinagawanywaje, na sehemu ya vijiji inafika kwa utaratibu gani. Aandike takwimu, mwaka wake na aliyeitoa. "Inasemekana" ibaki barazani.

Jambo moja zaidi, na ndilo gumu: aandike kwanza ufunguzi wa upande wa pili, kwa nia njema, mpaka umtie wasiwasi. Ndipo arudi kwenye wake, aukate, ausome kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu.

Walimu wa Uraia, kazi hii haifanyiki kwa usiku mmoja. Toeni mada mapema, andikeni barua ya kuwatambulisha wanafunzi kwa serikali ya kijiji na ofisi ya Hifadhi, na waambieni majaji waanze kuuliza: habari hii umeipata wapi?