Maji Yaliyolala Kikashani

Mwaka 2005 na 2006, madaktari wa macho wa Singapore, Hong Kong na Marekani walianza kuona wagonjwa wenye vidonda vya konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho. Kilichowaumiza ni kuvu iitwayo Fusarium. Kuvu hii huishi udongoni na kwenye mimea, na mawindo yake ya siku zote ni mkulima aliyechomwa jichoni na jani. Safari hii ilikuwa imewaingia wavaaji wa lenzi laini. Marekani peke yake ilithibitisha wagonjwa 164, na mmoja katika kila watatu alihitaji kupandikizwa konea. Kidole kikaelekezwa kwenye dawa moja ya kusafishia lenzi, ReNu with MoistureLoc ya kampuni ya Bausch & Lomb, na Mei 2006 ikaondolewa sokoni duniani kote.

Ajabu ni kwamba kuvu haikuonekana kiwandani wala katika chupa zilizokuwa bado hazijafunguliwa. Tena ilikuwa ya aina nyingi mno, haikuweza kuwa imetoka mahali pamoja. Kila mgonjwa aliipata kwake. Dawa ilichoshindwa ni kuizuia. Mwaka uliofuata dawa nyingine, Complete MoisturePlus, iliondolewa kwa sababu ya amiba aitwaye Acanthamoeba, na safari hiyo waliokuwa wakiongezea dawa mpya juu ya ile ya jana walionekana kuwa hatarini zaidi.

Konea haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kutoka nje kupitia machozi, na askari wa mwili huchelewa kuifikia. Machozi na kope ndivyo vinavyoifagia mchana kutwa, na lenzi huja kukaa katikati ya mfagiaji na sakafu. Ukilala nayo, kope zimefumbwa, hewa inapungua na mfagiaji amesimama. Kidudu kilichoganda kwenye lenzi kinapata usiku mzima wa kufanya kazi yake.

Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi hata kama chupa imeandikwa kwamba hakuna haja ya kusugua. Sugua. Lenzi ikae kiganjani, uisugue taratibu kwa ncha ya kidole pande zote mbili, uisuuze kwa dawa hiyo hiyo, ndipo uiloweke katika dawa mpya. Asubuhi mwaga yote, suuza kikasha kwa dawa, kiache kikauke bila vifuniko, na baada ya miezi 3 kitupe. Kikasha kilichozeeka huota utelezi kama wa mtungi usiosuguliwa, na humo dawa haipenyi.

Maji ya bomba yasiguse lenzi kamwe. Acanthamoeba hujifunika gamba ambalo klorini ya bombani hailiwezi. Yaliyochemshwa nayo yakipoa birikani huingiwa upya na vidudu, na kwa kuwa hayana chumvi ya machozi, lenzi huvimba na kung'ang'ania jicho. Anayetawadha mara tano kwa siku hana haja ya kuogopa: afumbe macho anapoosha uso, na asishike lenzi kabla mikono haijakauka kabisa.

Lenzi za rangi za harusini zinanitia hofu kuliko zote. Bibi harusi huazimwa na shoga yake, aliyeazimwa na mwingine, na kwa kuwa hazina namba za miwani watu huziona ni pambo tu, kama wanja. Konea haijui tofauti hiyo.

Jicho likiwa jekundu, likauma au mwanga ukalichoma, toa lenzi siku hiyo hiyo uende kwa daktari wa macho. Chukua na kikasha, maabara wanaweza kuotesha kilichomo. Usipitie duka la dawa kuomba matone ya kuondoa wekundu, maana baadhi yake yana steroidi: wekundu hupungua, maumivu hutulia, na kuvu huzidi kula konea.