Namche kwa Miguu: Mji wa Wachuuzi Chini ya Everest

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilimwacha msafiri Lukla, mita 2,860 juu ya usawa wa bahari. Baada ya siku mbili za kutembea anaingia Namche Bazaar, katika eneo la Khumbu nchini Nepal, penye mita 3,440. Anayeijua njia ya Marangu ya Kilimanjaro na aweke mwinuko huo kati ya vibanda vya Mandara na vya Horombo. Tofauti ni kwamba hapa pana mji kamili, wenye benki, maduka ya mikate na nyumba ya watawa.

Wageni wengi hulala Namche usiku wa pili kwa amri ya mwili. Hewa imepungua hadi karibu theluthi mbili ya ile ya pwani, na anayekimbilia juu huumwa kichwa, hutapika, pengine huhatarisha maisha. Basi siku nzima ya kuzoea inabaki, na wengi huimaliza kitandani wakiiwazia Everest. Hasara yao.

Matembezi bila kiongozi huanzia chini. Nyumba zimepanda safu juu ya safu kuzunguka bonde, upande mmoja ukiwa wazi kuelekea korongoni. Karibu na mlango wa mji imesimama stupa, jengo takatifu la Kibuddha, nyeupe na yenye macho yaliyochorwa pande nne, na kando ya kijito yapo magurudumu ya sala yanayozungushwa na maji. Kwa imani ya Wabuddha wa huku, gurudumu likizunguka, sala zilizoandikwa ndani yake zimesomwa. Mgeni ashike kanuni moja: stupa, magurudumu na mawe ya mani yaliyochongwa maneno matakatifu hupitwa yakiwa mkono wa kulia. Akikosea huenda asifokewe, ila bibi mwenye tasbihi atamtazama.

Kutoka hapo ngazi za mawe humfikisha sokoni, na hapa inafaa kukawia. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Wapagazi kutoka mabonde ya chini, wengi wao wa kabila la Rai, hupandisha mchele na mboga kwa doko, kikapu kinachoning'inia mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Wageni huwaita wote Washerpa. La hasha! Washerpa ni kabila lililohama kutoka mashariki ya Tibet karne kama tano zilizopita, na utajiri wao wa zamani ulitokana na biashara. Walivuka kipito cha Nangpa La, zaidi ya mita 5,700, wakirudi na chumvi na sufu ya Tibet na kupeleka nafaka. China ilipobana mpaka baada ya 1959, biashara hiyo ilidhoofika. Watalii wakaja kuziba pengo. Namche imebadilisha bidhaa tu, kazi ni ileile.

Juu kabisa upande wa mashariki ni Chorkhung, penye makumbusho ya utamaduni wa Washerpa na sanamu ya Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953. Asubuhi isiyo na mawingu, Everest na Ama Dablam huonekana kutoka hapo. Majina ya wenyeji hayatamshangaza mwenye jirani aitwaye Juma au Khamisi: Pasang ni wa Ijumaa, Dawa wa Jumatatu, na aliyezaliwa Jumamosi huitwa Pemba. Pasang Lhamu Sherpa, Mnepali wa kwanza mwanamke kufika kilele cha Everest, mwaka 1993, alifia mlimani wakati wa kushuka.

Sehemu ijayo itapanda hadi kijiji cha Khumjung, ambako Hillary alisaidia kujenga shule iliyofunguliwa mwaka 1961, na kueleza jinsi viazi, vilivyofika Khumbu katika karne ya 19, vilivyogeuka chakula kikuu cha Washerpa.