Ukeketaji Mikononi mwa Mhudumu wa Afya: Sheria Inasema Nini

Katika Kaunti za Kisii na Nyamira, ukeketaji wa wasichana umebadilika sura. Zamani ngariba aliifanya kazi hiyo kwa sherehe, wembe mkononi. Siku hizi mara nyingi anayeitwa ni muuguzi au mhudumu mwingine wa afya, ambaye huja nyumbani kimyakimya, hasa wakati wa likizo ya Novemba na Disemba. Wazazi wengi huamini kuwa penye glovu, sindano ya ganzi na vifaa safi, sheria haijavunjwa. Sivyo.

Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 haimbagui ngariba na daktari. Wote wawili wana hatia. Mhudumu wa afya anaweza kufanya upasuaji wa sehemu za siri ikiwa tu unahitajika kwa afya ya mwanamke au kwa ajili ya kujifungua. Mila, desturi na dini hazihesabiwi kuwa sababu. Hata msichana akikubali, au mama mtu mzima akiomba mwenyewe, kosa linabaki kuwa kosa.

Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Msichana akifariki, aliyemkeketa anaweza kufungwa maisha. Mhudumu akipatikana na hatia, baraza lililomsajili linaweza kumnyang'anya leseni.

Sheria haiishii kwake. Hawa pia wanavunja sheria:

- Mzazi au jamaa anayempeleka msichana, kulipa au kusaidia kwa njia yoyote.
- Mwenye nyumba au kliniki anayeruhusu kazi hiyo ifanyike kwake akijua.
- Anayejua kuwa msichana amekeketwa au atakeketwa, akanyamaza bila kupiga ripoti.
- Anayemkejeli mwanamke au msichana kwa kutokeketwa, au mume wake.

Mwaka 2017 daktari mmoja aliiomba Mahakama Kuu iifute sheria hii, akidai inawanyima wanawake watu wazima uhuru wa kujiamulia. Machi 2021 majaji walilikataa ombi hilo, na marufuku ikabaki.

Ganzi huondoa uchungu wa saa chache tu. Kuvuja damu, maambukizi, makovu na matatizo wakati wa kujifungua vinaweza kumpata msichana hata akikeketwa na mtaalamu. Nchini Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walipungua kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022.

Ukisikia kuna mpango wa kumkeketa msichana, usingoje siku ifike. Mwarifu chifu, polisi au afisa wa watoto, au piga simu bila malipo kwa nambari 116 au 1195. Aliyekwisha kukeketwa apelekwe hospitalini mara moja. Ana haki ya kutibiwa.