Vitabu Visivyokuwepo, na Mkutubi wa Kesho

Mei 2025, gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilitoka na nyongeza iliyoorodhesha vitabu 15 vya kusoma wakati wa majira ya joto. Waandishi waliotajwa walikuwa wa kweli, tena mashuhuri, akiwamo Isabel Allende. Tatizo lilikuwa vitabu vyenyewe: 10 kati yake havikuwahi kuandikwa. Aliyeandaa orodha alitumia akili mnemba, naye hakuhakiki alichopewa.

Msomaji aliyevutiwa na orodha kama hiyo huenda kuviulizia maktaba. Hapo ndipo mwanafunzi wa ukutubi anapohusika.

Programu kama ChatGPT, iliyozinduliwa Novemba 2022, hujenga jibu kwa kukadiria neno gani lifuate lipi, kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa. Majina ya waandishi, miaka na majarida hufuata mpangilio unaojulikana, kwa hiyo haioni taabu kutunga rejea yenye sura ya ukweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa kwa njia hiyo.

Kupima chanzo si somo jipya kwa wakutubi. Tangu Paul Zurkowski, Mmarekani, alipoanza kuzungumzia stadi za taarifa mwaka 1974, fani hiyo imefundisha watu kuuliza nani ameandika, lini na kwa ushahidi gani. Kilichoongezeka ni kuielewa mashine: imefunzwa kwa maandishi ya nani, na imekosa ya nani.

Swali hilo linamgusa zaidi anayesomea ukutubi Bagamoyo au Makerere. Vitabu vingi vya Kiswahili vipo rafuni tu, havimo intanetini. Mashine isiyoviona inaweza kukana kitabu kilichopo, au kukipa mwandishi asiye wake.

Kuna pia siri ya msomaji. Jina lake na orodha ya alivyoazima si vitu vya kubandika kwenye programu ya kampuni ya nje ili kupata mapendekezo.

Wahadhiri wanaweza kuanza na zoezi jepesi: mashine itoe rejea kumi, kisha kila mwanafunzi aisake kila moja kwenye katalogi, kwa mchapishaji na kwa namba ya ISBN. Alama zitolewe kwa msako huo, si kwa orodha.