Kadi Inang'aa, Lakini Itaandikika?

Kadi za harusi mjini Bujumbura hupamba moto kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ndugu walio Ubelgiji na Kanada wanaporudi likizo. Mteja humfikia mchapaji na sharti moja: iwe inang'aa. Sharti hilo lingefaa liwe la mwisho. La kwanza ni kujua kadi itashikwa na nani, na itapitia wapi.

Chukua jina la mgeni. Huandikwa kwa kalamu juu ya vidoti. Plastiki inayobandikwa kwa joto juu ya karatasi hukoleza rangi vizuri, lakini hainywi wino. Pitisha kidole kabla haujakauka, "Bwana na Bibi" wanageuka doa la buluu. Dawa yake rahisi: plastiki ikae nje tu, ndani ibaki karatasi tupu.

Hapo sasa mvua huingilia. Kuanzia Oktoba hewa ya mji huu wa kando ya Tanganyika hujaa unyevu. Upande usio na plastiki huufyonza na nyuzi za karatasi huvimba. Upande wa pili umezibwa, hautanuki. Kadi iliyotoka mashineni imenyooka huanza kujipinda kuelekea kwenye plastiki. Ya Novemba mimi ningeipaka vanishi tu, au nisiipake kitu nichague karatasi nzito.

Plastiki isiyong'aa wengi huiona ya kiheshima, hasa juu ya rangi nyeusi. Mezani inapendeza kweli. Ndani ya mkoba, kwenye basi la kwenda Ngozi, kadi husuguana na kutoka na michirizi.

Dhahabu nayo hupigwa kwa kibati kilichochongwa majina na kupashwa moto. Gharama ya kibati ni ile ile kwa kadi 50 au 1,000, ndiyo maana oda ndogo huuma. Tena mwandiko mwembamba huziba: "e" hupoteza tundu lake.

Menyu za migahawa ya ufukweni zina mambo yake. Pale mng'ao una kazi, maana mawese yaliyodondoka pembeni ya samaki wa mukeke hufutika kwa kitambaa. Ila jua la alasiri likitokea upande wa ziwa, bei hazisomeki.

Kabla ya kulipa kianzio, omba kadi moja ya mfano. Iandike, ikwaruze kwa ukucha, kisha ikunje. Karatasi ya gramu 300 isiyopigwa mstari wa kukunjia hupasuka rangi mgongoni, na ni afadhali ufa huo uonekane pale pale dukani, fundi akiwa anatazama.