Chunjua au sugu? Ijue kwanza kabla ya kushika wembe

Msimu wa kulima ukianza, kuanzia Chunyu na Mnacho hadi vijiji vya Nachingwea, viganja huwa vigumu kwa mpini wa jembe. Wakulima wameizoea hali hiyo na hakuna anayeiogopa. Lakini ujumbe mwingi tunaoupokea kwenye simu unahusu vinyama vingine: kinyama chenye ukakasi juu ya kidole cha mtoto, kitu kinachochoma chini ya unyayo mtu akikanyaga, kigumu kinachouma juu ya kidole cha mguu akivaa kiatu. Swali huwa moja: nikate, nichome, au niache?

Jibu linategemea ni kitu gani. Katika makala haya tunaeleza tofauti ya sugu na chunjua, namna ya kuzitibu, na dalili ambazo hazifai kusubiri hata wiki moja.

SUGU NI NGOZI INAYOJILINDA

Ngozi yetu ya juu kabisa ni tabaka la seli zilizokwisha kufa, zinazopukutika kila siku bila sisi kuona. Mahali panaposuguliwa au kukandamizwa mara kwa mara, mwili huongeza tabaka hilo ili kulinda nyama iliyo chini. Hiyo ndiyo sugu. Haitokani na mdudu wala virusi, na haiambukizi.

Kuna sugu pana, kama ya viganjani na kisiginoni, ambayo kwa kawaida haiumi. Kuna pia sugu ndogo ya mviringo yenye kiini kigumu katikati, ambayo huota zaidi juu ya vidole vya miguu, kati ya vidole au chini ya unyayo penye mfupa uliojitokeza. Hii huuma kwa sababu kile kiini kinabonyea ndani kama kokoto. Viatu vya kubana ndiyo sababu kubwa: viatu vya shule ambavyo mtoto amerithi kwa kaka yake, gambuti linalovaliwa bila soksi, viatu vyenye ncha nyembamba vya kwendea harusini.

Wengi hudhani sugu ina mzizi, na kwamba usipoung'oa itarudi. Sugu haina mzizi. Inarudi kwa sababu kiatu ni kile kile. Ukiondoa kinachosugua, ngozi hulainika yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ukikata na kuendelea kuvaa kiatu hicho hicho, utakata kila mwezi.

CHUNJUA INATOKANA NA VIRUSI

Chunjua ni jambo jingine. Inaletwa na virusi vya papiloma, ambavyo vina aina zaidi ya 200. Virusi hivi hupenya kwenye ngozi kupitia mchubuko mdogo, hata usioonekana, na kuifanya ngozi ya mahali hapo iote kupita kiasi. Kutoka siku ya kuambukizwa hadi kinyama kuonekana huchukua wiki au miezi, ndiyo maana mtu hakumbuki alikipata wapi.

Chunjua huenea kwa kugusana, kwa kutembea peku mahali penye maji panapotumiwa na wengi kama bafuni, na kwa kuchangia taulo, wembe au jiwe la kusugulia miguu. Anayeng'ata kucha huzisambaza kutoka kidole kimoja hadi kingine. Anayenyoa ndevu juu ya chunjua anaweza kuzipanda kidevu kizima. Kugusa chura hakuleti chunjua, wala si lazima kumtafuta jirani aliyekutupia.

Habari njema ni kwamba chunjua nyingi, hasa za watoto, huondoka zenyewe. Siku kinga ya mwili inapovitambua virusi, kinyama hunywea na kupotea bila kovu. Kwa watoto wengi hilo hutokea ndani ya miaka miwili. Na hapa ndipo dawa nyingi hupata sifa zisizo zake. Mtu amejaribu utomvu wa mti huu, kisha majani ya mti ule, kisha akafungwa uzi. Chunjua ikaondoka kwa wakati wake, na dawa ya mwisho ikasifiwa kijiji kizima.

NAMNA YA KUZITOFAUTISHA

Osha mguu au mkono, kaa penye mwanga, uangalie kwa makini.

Kwanza, angalia mistari ya ngozi, ile inayofanana na alama ya dole gumba kwenye karatasi. Juu ya sugu mistari hiyo inaendelea. Kwenye chunjua inakatika na kuzunguka pembeni.

Pili, tafuta vidoa vidogo vyeusi ndani ya kinyama. Kwenye chunjua mara nyingi vipo. Wengine huviita mbegu, lakini ni mishipa midogo ya damu iliyoganda.

Tatu, bonyeza. Sugu huuma zaidi ukiibonyeza moja kwa moja kutoka juu. Chunjua ya unyayoni huuma zaidi ukiibana kutoka pembeni kwa vidole viwili.

Nne, angalia mahali. Sugu hukaa panaposuguliwa. Chunjua inaweza kuota popote, na mara nyingi huja zaidi ya moja.

MAFUTA YA MAGANDA YA KOROSHO

Katika wilaya zetu za korosho hatuwezi kuzungumzia chunjua bila kutaja dawa ambayo wengi wanaijua tangu utoto: mafuta meusi yanayotoka kwenye ganda la korosho. Watu huyapaka kwenye chunjua, kwenye sugu, hata kwenye mapunye, na wapo wanaoapa kwamba yanafanya kazi.

Wana sababu ya kusema hivyo. Ndani ya mafuta hayo kuna asidi iitwayo anakadiki, ambayo kwa muundo wake ni ndugu wa asidi salisiliki, dawa ile ile ambayo hospitali duniani kote hutumia kulainisha na kumenya chunjua na sugu. Wazee hawakuwa wanabahatisha.

Tatizo ni kwamba ndani ya mafuta hayo hayo kuna vitu vingine, kimojawapo kikiitwa kadoli, vinavyounguza ngozi na kuifanya itoe malengelenge. Yeyote aliyebangua korosho kwa mkono bila kujikinga anaijua kazi yake: vidole hubadilika rangi, ngozi hubanduka. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na wapo watu ambao hata utomvu wa embe huwavimbisha midomo. Kwa watu wa namna hiyo tone moja la mafuta ya korosho linaweza kuvimbisha mkono mzima.

Tena mafuta ya ganda hayana kipimo. Dawa ya dukani imeandikwa asilimia ya nguvu yake. Ganda la korosho halikuambii lina kali kiasi gani, na linachoma ngozi nzima pamoja na chunjua. Kidonda kilichochomwa hivyo kikiingia uchafu wa shambani, mtu aliyekuwa na kinyama kisichouma anabaki na kidonda cha miezi na kovu la maisha. Ushauri wetu ni kutoyatumia, na kabisa yasipakwe kwa mtoto, usoni, au sehemu za siri.

TIBA UNAYOWEZA KUIFANYA NYUMBANI

Kwa sugu na kwa chunjua ya mkononi au unyayoni, hatua ni karibu zile zile.

Loweka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10. Kisha isugue taratibu kwa jiwe la miguu mpaka ngozi iliyolainika itoke. Acha kabla hujaona damu au kusikia maumivu. Jiwe la mwenye chunjua lisitumiwe na mtu mwingine, wala yeye mwenyewe asilitumie kwenye ngozi nzima.

Kwa sugu, paka mafuta mazito ya mgando, na ubadilishe kiatu. Unaweza kuweka kipande cha kitambaa laini au sponji chenye tundu katikati, ili uzito uwe pembeni na siyo juu ya kiini.

Kwa chunjua, uliza kwenye duka la dawa au zahanati dawa ya asidi salisiliki ya chunjua. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima inayozunguka ili isiungue, kisha weka dawa juu ya chunjua tu, kila siku. Itakubidi uwe mvumilivu, kwani kazi inaweza kuchukua wiki 12. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani dawa ni mbovu. Yale mafuta ya Whitfield ambayo wengi wetu tunayajua kwa kutibu mapunye yana asidi salisiliki pia, lakini ni kidogo, asilimia 3, hivyo usitegemee yatamaliza chunjua ngumu. Chunjua sugu kwa dawa huweza kugandishwa kwa naitrojeni baridi au kuondolewa na mtaalamu katika hospitali yenye vifaa.

Wapo wasiopaswa kujitibu nyumbani: mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, na mwenye miguu isiyopata damu vizuri. Mtu asiyesikia maumivu anaweza kuunguza mguu wake bila kujua, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Hao waende kituo cha afya hata kwa sugu ndogo.

USIFANYE HAYA

Usikate kwa wembe. Wembe hupeleka uchafu ndani, pamoja na hatari ya pepopunda, na wembe wa kuchangia unaweza kuambukiza virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Usipake maji ya betri, wala usichome kwa msumari wa moto. Maji ya betri hayaishii juu ya ngozi, hushuka hadi kwenye nyama.

Usifunge uzi kwenye kinyama usichokijua.

DALILI AMBAZO HAZISUBIRI

Kila kinachoota si chunjua. Nenda kituo cha afya mapema ukiona kinyama kinachokua haraka, kinachotoa damu chenyewe, kilichogeuka kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja, au doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha.

Hilo la mwisho tunalisisitiza kwa sababu watu weusi huwa hatulifikirii. Ipo saratani ya ngozi ambayo kwetu hupenda kukaa kwenye nyayo na chini ya kucha, na mara nyingi huchukuliwa kuwa sugu, chunjua au jeraha la kujikwaa. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Ilisambaa mwilini, na akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Ndugu zetu wenye ualbino wana hatari zaidi kwa jua letu hili. Kwao kigaga chochote usoni, masikioni au shingoni kisichopona kionwe na daktari mara moja. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni kinga ya kila siku.

Baka lisilosikia ukiligusa nalo si la kupaka dawa ya kienyeji. Linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo mikoa ya kusini. Dawa yake hutolewa bure, na ikianza mapema huzuia ulemavu.

CHUNJUA ZA SEHEMU ZA SIRI

Chunjua hizi, ambazo wengi huziita masundosundo, huenezwa kwa kujamiiana. Dawa za chunjua za mkononi hazifai huko kabisa. Zahanati inazo njia za kuzitibu, na ni vizuri mwenza wako aende pia. Mwanamke atumie nafasi hiyo kuomba uchunguzi wa mlango wa kizazi. Aina za virusi zinazoleta masundosundo kwa kawaida si zile zinazoleta saratani hiyo, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na zote.

Dhidi ya aina zinazoleta saratani chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaipanua kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Chanjo haiharibu uzazi. Mzazi mwenye binti wa umri huo aulize shuleni au zahanati.

Anzia zahanati ya kijiji chako. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au mbele zaidi, kama Nyangao, Ndanda au Sokoine mjini Lindi. Kwa picha ya simu peke yake hatuwezi kukuambia kinyama chako ni nini, na asikudanganye mtu kwamba anaweza. Mhudumu wa afya anahitaji kukigusa, kukibonyeza na kukuuliza kimeanza lini. Kwa hiyo leo jioni, ukishanawa miguu, geuza nyayo zako na za watoto wako kwenye mwanga uziangalie. Kama ni sugu, badilisha kiatu. Kama ni chunjua, anza dawa na uvumilie. Kama hujui ni nini, usishike wembe, nenda ikaonwe.